Walimu wa Kiingereza Kutoka Ng'ambo: Historia ya Ajira Yao Japani

Ajira ya wageni wanaofundisha Kiingereza nchini Japani ina umri wa zaidi ya miaka 150, na kwa wengi wao imekuwa ajira ya muda. Mgeni aliitwa, akalipwa, akafundisha, kisha akaagwa. Zama zilibadili jina la kazi, kiwango cha mshahara na sababu ya kuwaita wageni, lakini mkataba wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha ulibaki pale pale. Kwa hiyo historia ya walimu hawa ni historia ya uamuzi pia: mtu aliyesoma, mara nyingi kijana, anashika mkononi karatasi iliyotoka nchi asiyoijua na kupima kama avuke bahari au abaki kwao.

Kiingereza kiliingia Japani kabla ya walimu wake. Tangu miaka ya 1630 nchi hiyo ilikuwa imefunga milango, na biashara na Ulaya ikaachiwa Waholanzi peke yao, nao wakawekwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima katika bandari ya Nagasaki. Wakalimani wa serikali walijua Kiholanzi, na kwa Kiholanzi hicho walisoma tiba, elimu ya nyota na habari za dunia. Oktoba 1808 manowari ya Waingereza iliyoitwa Phaeton iliingia Nagasaki ikipeperusha bendera ya Uholanzi, ikawakamata Waholanzi waliokwenda kuipokea, ikadai maji na chakula kwa vitisho. Ilipewa, ikaondoka. Gavana wa Nagasaki alijiua kwa fedheha hiyo, na serikali ya mashoguni, watawala wa kijeshi wa nchi hiyo, ikaagiza wakalimani wajifunze Kiingereza. Mwalimu aliyepatikana alikuwa Mholanzi wa Dejima, Jan Cock Blomhoff. Kwa msaada wake walitunga kamusi ya maneno yapatayo 6,000, iliyokamilika mwaka 1814. Ilikuwa kazi ya kuheshimika, ila matamshi yaliyoandikwa humo yalikuwa na lafudhi ya Kiholanzi.

Mtu wa kwanza kuwafundisha Wajapani Kiingereza akiwa amekikulia ni Ranald MacDonald, na namna alivyofika haifanani na ya yeyote aliyemfuata. Alizaliwa mwaka 1824 karibu na mlango wa mto Columbia, upande wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini. Baba yake alikuwa Mskoti, mtumishi wa kampuni ya biashara ya ngozi ya Hudson's Bay. Mama yake alikuwa binti wa Comcomly, chifu wa Wachinook. Alitafutiwa ukarani wa benki, kazi ya heshima kwa kijana wa wakati ule, lakini haikumwingia moyoni. Akatoroka na kuwa baharia wa meli za kuvua nyangumi. Mwaka 1848 meli yake ilipokuwa karibu na Hokkaido alichukua mashua ndogo, akaagana na wenzake, na alipokaribia nchi kavu akaipindua kwa makusudi ili aonekane ni mtu aliyevunjikiwa na chombo. Alijua kwamba sheria ya Japani ilimruhusu mtawala kumwadhibu vikali mgeni aliyeingia bila ruhusa.

Walimpeleka Nagasaki wakamfungia katika chumba chenye fito mbele, kwenye eneo la hekalu. Hapo ndipo lilipoanza darasa. Wakalimani 14 walipangwa kuja kwake. Walisoma maandishi ya Kiingereza kwa sauti, mmoja mmoja, wakiwa upande wa pili wa fito. Yeye alisahihisha matamshi na kueleza maana kwa Kijapani kidogo alichokuwa anaokota na kwa ishara za mikono. Sauti ya l iliwasumbua sana, wakaigeuza kuwa r, tatizo ambalo mwalimu wa Afrika Mashariki anaweza kulielewa bila kuelezwa. Mwanafunzi wake hodari, Moriyama Einosuke, alikuwa tayari anasoma Kiingereza vizuri. Alichokosa ni mtu wa kuzungumza naye. Aprili 1849 MacDonald alichukuliwa na manowari ya Marekani, Preble, pamoja na mabaharia wengine waliokuwa wamezuiliwa. Miaka 5 baadaye Moriyama alikuwa mkalimani katika mazungumzo ya mkataba baina ya Japani na Komodori Matthew Perry wa Marekani. Mwalimu aliyemnoa hakuwa na mkataba, mshahara wala ruhusa ya kutoka nje, na bado ndiye aliyeacha alama kubwa kuliko wengi waliolipwa vizuri.

Mkataba wa 1854 na ile ya 1858 ilifungua bandari. Yokohama ilipofunguliwa mwaka 1859, msomi kijana Fukuzawa Yukichi alikwenda kuiona, akakuta mabango ya maduka asiyoweza kuyasoma na wageni asioweza kusema nao. Alikuwa ametumia miaka kujifunza Kiholanzi. Aliamua kuanza upya na Kiingereza, na baadaye shule yake ikawa Chuo Kikuu cha Keio. Mwaka huo huo waliwasili wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti. Kuhubiri kulikuwa bado ni marufuku, kwa hiyo walifundisha. Guido Verbeck, Mholanzi aliyehamia Marekani, alifundisha Nagasaki vijana ambao baadaye walishika serikali, akiwamo Okuma Shigenobu aliyekuja kuwa waziri mkuu. Kwa wamisionari hao uamuzi wa kuhama ulikuwa umefanywa na imani kabla mshahara haujatajwa.

Mambo yalibadilika baada ya mapinduzi ya 1868 yaliyorudisha madaraka kwa Mfalme Meiji. Serikali mpya ilitangaza kwamba elimu itatafutwa duniani kote, na ikaanza kuajiri wageni kwa mamia: wahandisi wa reli, madaktari, wanasheria, wapimaji wa ardhi, na walimu. Katikati ya miaka ya 1870 walioajiriwa na serikali kuu peke yake walipita 500. Mishahara ilikuwa ya kushangaza. Thomas Kinder, Mwingereza aliyesimamia kiwanda cha sarafu cha Osaka, alilipwa yen 1,045 kwa mwezi, wakati kiongozi mkuu wa serikali, Sanjo Sanetomi, alipokea yen 800. Yen moja ilikuwa takriban sawa na dola moja ya Marekani. Walimu hawakufika huko, ila hata wao walipata kile ambacho mwalimu wa kwao Marekani asingeweza kukiota.

William Elliot Griffis ni mfano ulio wazi, kwa sababu aliandika sana na barua zake zimehifadhiwa. Alikuwa amehitimu Chuo cha Rutgers mwaka 1869, alikuwa anasomea uchungaji, na kwao fedha ilikuwa ya shida. Huko Rutgers alifahamiana na wanafunzi wa Kijapani, akiwamo Kusakabe Taro kutoka Fukui, kijana hodari wa hesabu aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1870 akiwa karibu kuhitimu. Mtawala wa Fukui alipotafuta mwalimu wa sayansi, jina la Griffis likapendekezwa. Mkataba ulikuwa wa miaka 3, dola 3,600 kwa mwaka, pamoja na nyumba ya mtindo wa Kizungu. Alipofika Fukui mapema mwaka 1871 alibeba ufunguo wa dhahabu wa heshima ya kitaaluma ambayo chuo kilimpa Kusakabe, akamkabidhi baba wa marehemu.

Kilichompata Fukui kinafundisha zaidi kuliko mshahara wake. Aliajiriwa na mtawala wa jimbo, na ndani ya mwaka huo huo serikali kuu ikayafuta majimbo yote ya kale kwa amri moja. Mwajiri wake akaitwa Tokyo, akaondoka na watumishi wake huku watu wa mji wakilia barabarani. Wanafunzi bora walianza kumfuata huko huko. Januari 1872, nyumba yake mpya ikiwa bado ina harufu ya mbao, Griffis naye alifunga mizigo akaenda Tokyo, ambako alipata nafasi katika shule ya serikali. Dada yake Margaret alimfuata na kufundisha katika shule ya wasichana ya serikali. Mwaka 1874 Griffis alirudi Marekani, na kitabu chake kuhusu Japani kilichotoka 1876 kilimpa jina la mtaalamu wa nchi hiyo kwa maisha yake yote. Kwa hesabu yoyote alifaidika. Lakini mkataba wake haukuweza kumlinda siku mwajiri alipotoweka, na jambo hilo litajirudia.

Rafiki yake Edward Warren Clark, aliyeitwa Shizuoka mwaka huo wa 1871, alikutana na mtihani wa aina nyingine. Alipofika Japani alikuta katika mkataba kipengele kinachomkataza kusema lolote juu ya dini ya Kikristo kwa muda wote wa miaka 3. Alikuwa amekwisha safiri nusu ya dunia. Wapo waliomshauri atie saini kisha afanye atakavyo akifika. Clark alikataa njia hiyo. Alisema hawezi kuweka jina lake chini ya ahadi asiyokusudia kuitimiza, na akangoja akiwa tayari kurudi kwao bila kazi. Serikali ikakifuta kipengele. Jumapili ya kwanza Shizuoka alianzisha darasa la Biblia, na miaka 2 baadaye mabango ya kukataza Ukristo yakaondolewa nchi nzima. Uamuzi wa Clark ulikuwa bora kuliko wa wenzake wengi, kwa sababu aliusoma mkataba kama kitu kitakachotekelezwa.

Wanawake walikuwa wachache katika kundi la kwanza, na nafasi zao zilitokana zaidi na misheni na shule za wasichana. Alice Mabel Bacon wa Connecticut alifika mwaka 1888 kufundisha kwa mwaka mmoja katika shule ya mabinti wa ukoo bora, akiitwa na marafiki wa Kijapani aliowajua tangu utoto. Mmoja wa kundi hilo, Tsuda Umeko, alikuwa amepelekwa Marekani mwaka 1871 akiwa na umri wa miaka 6. Tsuda alipofungua chuo chake cha wanawake Tokyo mwaka 1900, Bacon alirudi kumsaidia. Kwake kuhama kulikuwa na kitu ambacho wengi walikikosa: mwenyeji anayemjua na kumwamini.

Serikali haikukusudia kuwalipa wageni milele. Ilituma vijana wake Ulaya na Marekani, ikawasubiri warudi, na kila aliyerudi alichukua kiti cha mgeni. Upungufu wa fedha baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1877 uliharakisha kazi hiyo. Kufikia miaka ya 1890 wageni waliobaki katika ajira ya serikali walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa walimu wa lugha, kwa kuwa matamshi ya mzawa wa lugha hayakuweza kuagizwa kwenye kitabu.

Katika wachache hao yumo Lafcadio Hearn. Alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, mama Mgiriki na baba Mwairishi, akalelewa Dublin, akawa mwandishi wa magazeti Cincinnati na New Orleans. Aprili 1890 alitua Yokohama akiwa na kazi ya kuandikia kampuni ya uchapishaji ya New York, akagombana nayo mara moja, akabaki bila kipato. Kufundisha Kiingereza hakukuwa ndoto yake, kulikuwa chakula. Kwa msaada wa Basil Hall Chamberlain, profesa Mwingereza wa Tokyo, alipata nafasi katika shule ya sekondari na chuo cha ualimu cha Matsue, mji mdogo wa mbali, kwa yen 100 kwa mwezi. Kwa Matsue huo ulikuwa utajiri.

Aliupenda mji ule kuliko mahali pengine popote alipoishi. Wanafunzi walikwenda nyumbani kwake baada ya vipindi, wakamweleza desturi, hadithi za mizimu na sikukuu za mahekalu, naye aliwapa insha za kuandika kwa Kiingereza juu ya mambo hayo hayo, akazisoma kwa makini kama mtu anayesoma habari. Alimwoa Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa samurai uliofilisika. Lakini baridi ya Matsue ilimwangusha kitandani, na ndoa ilimletea jamaa wa kulishwa. Novemba 1891 alihamia Kumamoto kwa yen 200. Kumamoto hakuipenda: shule kubwa, majengo ya matofali, walimu wenzake wasiomzoea. Mkataba wa miaka 3 ulipokwisha mwaka 1894 aliondoka, akafanya kazi ya gazeti Kobe kwa muda, macho yakamshinda, kwa kuwa jicho moja lilikuwa limepofuka tangu ujana.

Kisha likaja suala la sheria. Kama angemwandikisha Setsu kuwa raia wa Uingereza, mke angepoteza haki zake za mali Japani. Kama angekufa akiwa mgeni, watoto wangebaki njia panda. Mwaka 1896 alichukua uraia wa Japani na jina la Koizumi Yakumo. Mwaka huo huo aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kufundisha fasihi ya Kiingereza kwa yen 400 kwa mwezi, mshahara wa mgeni. Aliishi na hofu kwamba siku moja watasema raia apewe mshahara wa raia. Mwanzoni mwa 1903 barua ilikuja: mkataba hautaongezwa. Wanafunzi waligoma kumwachia, chuo kikampunguzia saa na fedha kama suluhu, akakataa. Alifariki Septemba 1904 akiwa na miaka 54.

Kati ya waliopewa vipindi vyake alikuwamo Natsume Soseki, ambaye baadaye akawa mwandishi mkubwa wa riwaya. Serikali ilikuwa imempeleka London kuanzia mwaka 1900 kusomea Kiingereza. Aliporudi, chuo kikuu kilimlipa yen 800 kwa mwaka, ilhali Hearn alipata nusu ya kiasi hicho kila mwezi. Kwa upande wa serikali hesabu ilikuwa rahisi. Hearn alikuwa amefanya yote anayoweza kufanya mgeni ili awe mwenyeji: lugha ya nyumbani, mke, uraia, jina, maandishi yaliyoitukuza nchi. Ajira yake iliendelea kuhesabiwa kuwa ya mgeni, na ilikoma kama ya mgeni.

Kipindi baina ya vita mbili za dunia kilizaa mkataba wa aina tofauti, uliomwita mgeni kama mtafiti. Mwaka 1922 Harold Palmer wa London alifika Tokyo kuwa mshauri wa Wizara ya Elimu, na mwaka uliofuata akaanzisha taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza. Palmer aliona wanafunzi wakitafsiri neno kwa neno miaka 5 bila kuweza kuuliza njia, akapigania masomo ya kusema na kusikia kwanza. Aligongana na mitihani ya kujiunga na vyuo, ambayo ilipima kutafsiri, na mitihani ikashinda. Aliondoka mwaka 1936. Kazi yake kuhusu uteuzi wa msamiati na miundo ya sentensi ilibaki, na mwenye kuiendeleza alikuwa Albert Sydney Hornby, kijana wa Kiingereza aliyekwenda mwaka 1924 kufundisha fasihi katika chuo cha biashara cha Oita, kusini mwa Japani. Hornby aligundua kwamba wanafunzi wake walihitaji lugha kabla ya fasihi. Pamoja na wenzake wawili alitunga kamusi kwa ajili ya wasio wazawa wa Kiingereza, yenye kuonyesha jinsi kila kitenzi kinavyotumika katika sentensi. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita, mwaka ambao Hornby mwenyewe alirudishwa Uingereza katika mabadilishano ya raia. Oxford University Press iliitoa upya mwaka 1948. Ndiyo kamusi ya wanafunzi ya Oxford ambayo vizazi vya sekondari vya Kenya, Uganda na Tanzania vimeibeba kwenye mikoba, na mizizi yake iko katika darasa la Oita.

Vita ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya adui, na walimu wa kigeni wakarudishwa kwao au kuzuiliwa. Baada ya 1945 jeshi la Marekani lilikaa nchini hadi 1952, na hamu ya Kiingereza ikarudi haraka. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964 iliongeza biashara ya madarasa ya mazungumzo. Hata hivyo shuleni walimu walikuwa Wajapani, na mgeni alikuwa kitu cha kuonwa mjini. Mwaka 1977 Wizara ya Elimu ilianza kuleta Wamarekani wachache kusaidia walimu, na mwaka uliofuata mpango kama huo ukaanza kwa Waingereza.

Mwaka 1987 mipango hiyo ilikunjwa ndani ya mmoja mkubwa, maarufu kwa jina la JET. Msukumo wake haukutoka madarasani tu. Japani ilikuwa inauza nje zaidi kuliko ilivyonunua, Marekani ilikuwa inalalamika, na serikali ya Nakasone Yasuhiro ilitaka kuonyesha kwamba nchi inafungua milango kwa watu na siyo kwa bidhaa pekee. Wizara ya Mambo ya Ndani ililipa kupitia serikali za mitaa. Kundi la kwanza lilikuwa na watu 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Mwaka 2002 walifikia 6,273. Nchi ziliongezeka, zikaingia Kanada, Ireland, Afrika Kusini na Jamaika, na walioshiriki tangu mwanzo wamepita 70,000.

Masharti yake yalifanya uamuzi uwe mwepesi kwa kijana aliyetoka chuoni. Alihitaji shahada ya kwanza ya fani yoyote. Kijapani hakikudaiwa kwa mwalimu msaidizi, wala cheti cha ualimu. Nauli ya kwenda na kurudi ililipwa, na kwa miaka mingi mshahara ulikuwa yen milioni 3.6 kwa mwaka baada ya kodi. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, na ukomo wa kuuongeza uliwekwa: mwanzoni miaka 3, baadaye 5. Kitu ambacho mwombaji hakuweza kukichagua ni mahali. Aliweza kuandika mji anaoupenda kwenye fomu, kisha akapangiwa kijiji cha wavuvi chenye shule moja na mabasi mawili kwa siku. Darasani alisimama pembeni ya mwalimu Mjapani. Wapo waliotumiwa kama kinasa sauti, kusoma aya na kukaa; wapo waliopewa nusu ya kipindi na wakatengeneza michezo, nyimbo na magazeti ya ukutani. Tofauti hiyo ilitegemea mwalimu mwenyeji kuliko mkataba, na hakuna aliyeweza kuijua kabla ya kufika. Tsunami ya Machi 11, 2011 iliua Wamarekani wawili wa mpango huo, mmoja Ishinomaki na mwingine Rikuzentakata, miji ambayo ilikuwa imewazoea kiasi kwamba kumbukumbu zao zinatunzwa huko hadi leo.

Sambamba na JET zilikua shule binafsi za mazungumzo, na kubwa kuliko zote ilikuwa Nova, iliyoanzishwa Osaka mwaka 1981. Ilifungua matawi karibu na vituo vya treni, ikauza tiketi za vipindi kwa wingi na kwa malipo ya mbele, na ikaajiri vijana wa London, Sydney na Toronto kwa usaili mfupi. Iliwatafutia viza na vyumba vya kuishi watatu watatu, kodi ikikatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Kwa kijana asiye na akiba huo ulikuwa msaada mkubwa, na ndani yake ndimo ulimokuwa mtego: kazi, viza, nyumba na marafiki vyote vilishikwa na mwajiri mmoja.

Aprili 2007 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hesabu ya Nova ya kurudishia fedha wanafunzi wanaoacha masomo ni kinyume cha sheria. Juni serikali ikaizuia kuuza mikataba ya muda mrefu kwa miezi 6. Wanafunzi wakadai fedha zao, na mishahara ikaanza kuchelewa. Oktoba 26, 2007 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ikiwa na walimu wa kigeni wapatao 4,000 na wanafunzi zaidi ya 300,000. Walimu wengine waligundua siku hizo kwamba kodi iliyokatwa kwenye mishahara yao haikumfikia mwenye nyumba, wakapewa notisi ya kuhama. Chama cha wafanyakazi kilipanga vipindi ambavyo mwanafunzi alilipa kwa chakula. Mwanzilishi wa kampuni alihukumiwa baadaye kwa kutumia vibaya fedha za mfuko wa wafanyakazi. Hii ndiyo hali ya Griffis ya 1871 iliyorudi kwa ukubwa, tofauti ikiwa kwamba Griffis alikuwa na serikali ya kumpokea.

Tangu miaka ya 2000 halmashauri nyingi za elimu zimeacha kuajiri moja kwa moja na kukodi walimu kupitia kampuni za wakala, ambazo mara nyingi hulipa chini ya JET na huacha miezi ya likizo bila mshahara kamili. Mahitaji hayakupungua: mwaka 2011 Kiingereza kiliingizwa kwa lazima katika darasa la 5 na la 6, na 2020 kikawa somo kamili katika madarasa hayo, huku la 3 na la 4 yakianza mazoezi ya lugha. Sheria ya ajira iliyoanza kutumika Aprili 2013 ilimpa mwenye mikataba ya muda inayopita miaka 5 kwa mwajiri mmoja haki ya kudai mkataba usio na ukomo. Waajiri wengine walijibu kwa kuvunja mikataba kabla ya siku hiyo kufika. Sarafu nayo imegeuka. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilinunua yen 115 hivi, na katikati ya 2024 ilipita yen 160, kwa hiyo mwalimu mwenye deni la chuo la kulipa kwa dola alipoteza zaidi ya robo ya kipato chake kwa hesabu ya dola bila mshahara wake wa yen kuguswa.

Mwombaji wa Afrika Mashariki anakutana na sharti moja ambalo halimsumbui wa London. Viza ya kufundisha lugha ya kigeni katika shule za msingi na sekondari za Japani humtaka mwalimu awe amesoma kwa lugha hiyo angalau miaka 12. Mkenya wa mjini aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ana uwezo wa kulithibitisha kwa vyeti vyake. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali amesoma miaka 7 kwa Kiswahili. Sekondari miaka 6 na shahada ya miaka 3 humpa 9 tu kwa Kiingereza. Kwake kazi za shule hizo zimefungwa hata akiwa na ufaulu wa juu, na kilichobaki ni shule binafsi za mazungumzo, ambazo hutumia aina nyingine ya viza inayodai shahada bila kuhesabu miaka hiyo.